Ramani Iliyogongwa Muhuri

Baba yangu ni mrina asali, na mimi ni mtu wa setilaiti. Watu wakisikia hivyo hunitazama kama ninarusha mitambo angani. Wapi! Nakaa ofisini Singida mjini, kwenye mradi wa bonde la mto, mbele ya kompyuta yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga, naangalia picha ambazo setilaiti za watu wengine zimezipiga zikipita juu yetu. Kazi yangu ni kusema ardhi imegeuka vipi. Hapa palikuwa na msitu, sasa ni shamba. Hapa palikuwa na kijito, sasa ni mchanga. Halafu, na kisirani chote kilianzia hapa, kazi yangu pia ni kusema itageuka vipi miaka ijayo.

Hiyo ya miaka ijayo haina uganga wowote. Unaipa kompyuta picha za miaka ya nyuma, nayo inajifunza tabia zetu: pori lililo karibu na barabara lilikatwa, lililopakana na shamba likafuata, la kwenye mawe likabaki. Kisha unaiambia, haya, endelea hivyo hivyo mpaka mbele. Ni sawa na kumwona mlevi anayumba kuelekea mtaroni ukasema, huyu ataanguka. Hujamsukuma, umesema tu.

Kwetu ni upande wa Mitundu, ndani kidogo ya barabara. Juu ya kijiji kuna pori la vichaka vilivyofungamana hivi kwamba hata mbuzi akitaka kupita hujipindapinda. Kwa mgeni pori hilo halina maana, halina miti ya mbao wala kivuli cha kukaa. Lakini chemchemi yetu inatoka humo, inashuka kidogo kidogo hadi kwenye bustani za vitunguu, ya mama yangu ikiwamo, kisha ndiyo inaingia mtoni. Na humo ndimo baba alimotundika mizinga yake tangu sijazaliwa. Nimesomeshwa kwa asali ya pori lile na vitunguu vya maji yale.

Siku ramani ya makadirio ilipotoka kwenye kompyuta, nilitafuta kwetu kabla ya mahali pengine popote. Pori lote lilikuwa njano. Njano ni rangi ya mashamba. Kompyuta ilikuwa inasema kwamba tukiendelea na mwendo wetu, mwanangu atakapomaliza shule hakutakuwa na kichaka hata cha kujificha sungura. Sikulia. Mimi nikiogopa huwa silii, nafoka. Nikawafokea wenzangu ofisini kuhusu chai iliyopoa, halafu nikaenda kwa mkuu wangu nikamwambia kijiji kile naenda kukisemesha mwenyewe, asitume mtu mwingine.

Nikaenda baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Nilisalimia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, maana kule ukiruka hata mmoja maneno yako yote yanakuwa takataka. Kisha nikaining'iniza ramani ukutani na kueleza. Nilieleza vizuri, jamani, hata leo nikikumbuka naona nilieleza vizuri. Nikasema, tukiendelea hivi, hapa pote patakuwa mashamba, na chemchemi itakauka, na bustani zitakufa. Nikawaonyesha kwa fimbo.

Watu waliikazia ramani macho. Nikasema moyoni, leo imewaingia. Mtu mmoja akauliza hiyo njano inafika mpaka wapi, kwenye mkuyu au ng'ambo ya mkuyu. Mwingine akataka kujua itakuwa njano kuanzia mwaka gani. Mwingine akasogea akapima kwa vidole kutoka barabarani. Mimi nikafurahi, nikaona hawa ni wanafunzi wazuri kuliko wale wa chuo. Baba alikuwa amekaa nyuma, kofia yake magotini, ananitazama bila kupepesa macho, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Mkutano ulipokwisha, mtendaji alichukua muhuri wake akaupuliza, akaigonga ramani yetu pembeni. Ndiyo desturi ya ofisi ile, karatasi yoyote ikiingia lazima igongwe kuonyesha imepokelewa, hata tangazo la chanjo ya kuku. Akaibandika ukutani, sambamba na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Ile ya mpango ndiyo inayosema wapi watu wajenge, wapi wachunge, wapi walime. Ilikuwa na kijani kwa msitu na njano kwa mashamba. Yetu nayo hivyo hivyo. Nikapiga picha ya ukumbusho, nikarudi mjini nimeridhika.

Kisha mtendaji akanipigia simu. Salamu zilikuwa ndefu, habari za kazi, habari za mjini, nikajua ana jambo.

"Sasa mtaalamu," akasema, "wananchi wananisumbua hapa. Ugawaji unaanza lini?"

"Ugawaji wa nini?"

"Si wa lile eneo la njano?"

Nilisimama hata kiti kikaanguka. Nikamwambia hakuna ugawaji, hakuna shamba, ile si ramani ya mpango, ile ni ramani ya hofu. Akasema, "Lakini ina muhuri." Nikamwambia muhuri umeugonga wewe. Akasema ndiyo, lakini wananchi hawaangalii nani amegonga, wanaangalia muhuri. Na mbona ramani ya mpango nayo ilikuja hivi hivi, mtaalamu kutoka mjini, fimbo, rangi, mkutano, muhuri, halafu waliopewa njano wakaingia kulima?

Nikamwambia aibandue leo leo.

Akaibandua, Mungu ambariki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Watu walipoona ukuta mtupu wakasema, mnaona? Wameificha. Wakubwa wanataka kujigawia wenyewe kwanza, sisi tuje tugawiwe mawe. Walioanza na shoka siku ile si watu wabaya. Ni watu walioishi miaka mingi wakiona cha kwanza kinakwenda kwa anayewahi. Mama ndiye aliyenisimulia kwa simu, tena kwa kunong'ona kana kwamba pori lingemsikia. Alisema kuna milio ya shoka upande wa juu. Nikamuuliza milio ya nani. Akasema, "Mimi naona moshi tu, mwanangu, sioni majina."

Nikampigia baba. Baba huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Baba, pori lipo?"

"Lipo, mama. Liende wapi, lina miguu?"

"Na nyuki?"

"Wewe fanya kazi yako. Huku tupo."

Baba si mtu wa kukwepa swali. Akiulizwa nyuki, hukuelezea nyuki mpaka simu yako iishe chaji. Safari hii alikata haraka, akisema ng'ombe wanaingia shambani. Kiangazi kile hapakuwa na shamba la kuingiwa na ng'ombe, mtama ulikuwa umeshavunwa zamani. Nikabaki nimeshika simu.

Nilitaka kwenda siku hiyo hiyo. Lakini mkuu wangu alikuwa ameshanipanga upande wa Iguguno kuhakiki ardhini, yaani kutembea na kifaa mkononi kuangalia kama kilichoitwa alizeti kwenye picha ni alizeti kweli. Nikaenda huko roho iko kwetu. Kila setilaiti ilipopita nilifungua picha mpya kabla sijanawa uso.

Na hapa wasomaji wangu mnisamehe kidogo, niwaeleze jambo moja, maana ndilo lililonitesa. Vichaka vyetu wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote. Yote! Pori zima linakuwa vijiti vya kijivu, na chini udongo mwekundu. Ukilitazama kutoka angani, kichaka kilicholala na kichaka kilichokatwa vinafanana. Nilikuwa na picha safi, anga limetakata, hakuna wingu hata moja, na nilikuwa sioni kitu. Mama yangu anasikia shoka, mimi mwenye macho ya angani sijui kama pori lipo au halipo. Niliona madoa meusi ya moto, lakini moto kule huchomwa na mchungaji, na mwindaji, na mkulima, na doa halisemi jina.

Nilikonda. Shemeji yangu wa Iguguno niliyefikia kwake akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia nina pori.

Hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, kichaka kilicho hai huchipua ndani ya siku chache, kikawa kijani kuliko kitu chochote kinachokizunguka. Kilichokatwa kinabaki udongo. Kwa hiyo nilikuwa naiombea mvua kama mkulima, tofauti yangu na wakulima ni kwamba mimi nilikuwa naiogopa pia. Ikaja. Na mvua ilipokuja, ikaja na mawingu, picha baada ya picha ni pamba tupu juu ya kwetu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Anga safi sioni, anga chafu sioni!

Nilikuwa nimesharudi Singida mjini picha ilipofunguka. Wingu lilikuwa limeacha upenyo kidogo, na upenyo wenyewe ulikuwa juu ya pori letu. Lilikuwa kijani. Kisha nikavuta karibu, nikaona matobo. Yalikuwa na pembe, yamepangana kutoka barabarani kwenda juu, na yalifuata ukingo wa njano yangu kana kwamba mtu ametembea na karatasi mkononi. Lilikuwapo moja limejitenga na mengine, dogo, lipo juu kabisa karibu na chemchemi. Upande ule hakuna njia. Anayeijua njia ya kufika pale ni baba peke yake.

Nikasema, wamemfuata. Wamemfuata mzee wa watu kwenye nyuki zake, wamemkatia miti ya mizinga, naye ananificha nisiumie. Niliomba ruhusa nikiwa nimeshavaa mkoba. Nikapanda basi la Itigi, na kutoka pale nikachukua bodaboda, njia nzima nikimpangia maneno mtu nisiyemjua ambaye amemwonea baba yangu. Nilikuwa na matusi ya Kiswahili na mengine ya Kinyaturu niliyoyaweka akiba.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa bustanini. Nikazunguka nyuma ya jiko kumtafuta baba, na hapo nikakuta mizinga. Yote. Ile mizinga ya magogo imelazwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, mitupu, midomo yake imeelekea nje. Sijawahi kuiona mizinga ile nyumbani. Tangu utoto wangu mzinga ni kitu kinachokaa juu, wewe ndiye unayeufuata.

Baba akatoka ndani, akanipokea mkoba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Karibu. Nilikuwa nangoja mvua ikolee ndiyo nikuite. Twende kwanza, chai utakunywa ukirudi."

"Nani amekufanyia hivi?"

"Twende," akasema, na alikuwa anatabasamu.

Tulipanda kwa ile njia yake. Nilikuwa nyuma yake, nikiona mgongo wake na panga kiunoni, na pori limechipua pande zote hadi linanukia. Kisha likakoma. Tukatokea mahali peupe, visiki vimekatwa usawa mmoja, matawi yamekusanywa na kuchomwa vizuri kama afanyavyo mtu asiye na haraka. Kila pembe ilikuwa na mche wa mkonge uliopandwa karibuni kuwa mpaka. Baba akasimama katikati, akanyoosha mkono.

"Hapa ni pako," akasema.

Sikuelewa.

"Kaka zako wana pao, niliwagawia. Wewe kwa desturi yetu msichana hagawiwi, anaolewa huko. Umeolewa, ndoa ikakushinda, umerudi, huna hata pa kuchimba choo. Ilikuwa inanila rohoni siku zote. Basi ulipokuja na ile ramani, ukasema hapa patakuwa mashamba, nikasema mwanangu amesoma, haongopi. Kama ni mashamba, kwa nini awe mgeni? Wakawa wanaanzia barabarani kule chini. Mimi nikasema wacha wahangaike na barabara. Mwanangu nitamkatia juu, penye maji."

Nikakaa juu ya kisiki. Yale matusi yote niliyokuja nayo hayakuwa tena na mwenyewe.

"Na nyuki, baba?"

"Nimeishusha mizinga mapema, baada ya kurina. Wale waliokuwamo wamehama." Akavua kofia. "Nyuki watakaa wapi, mama, na wewe umeshasema pataisha? Lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mpaka baba akaanza kuangalia huku na huku kama kuna nyoka. Nikamweleza yote, kwamba haikuwa amri, haikuwa mgao, kwamba tuliichora ili watu waone waogope, wasifanye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameushika mche mmoja wa mkonge kwa vidole, anaupapasa.

"Sasa kama mlitaka tusifanye," akasema polepole, "mbona mlichora tumeshafanya?"

Tulisikiliza maji ya chemchemi, yalikuwa bado yanatiririka upande wa chini, na shoka la mtu mbali kidogo. Baba akaniambia tatizo lingine ambalo mimi nilikuwa sijaliwaza. Pakiachwa bila kulimwa, aliye jirani atavuka mkonge msimu huu huu, atapanda alizeti yake, na atachukua mpaka mdomoni mwa chemchemi. Pakilimwa, basi aliyelima ni mimi. Akasema niamue, kwa kuwa hapo ni pangu. Nikamwomba anipe siku chache.

Nilirudi ofisini nimevimba macho. Wenzangu walikuwa wananisubiri kwa furaha, maana kazi ya kupima ramani ilikuwa imekamilika. Ramani ya makadirio hupimwa hivi: unachukua ulichosema kitatokea, unakilinganisha na picha ya kilichotokea kweli. Ya kwetu ilikuwa imepatia kuliko maeneo yote ya bonde. Mkuu wangu alinipa mkono mbele ya watu. Akasema, "Hongera sana, kwenu umepatia hadi inatisha." Wakapiga makofi. Ukutani walikuwa wamemulika picha kubwa, na juu kabisa, peke yake, lile tobo dogo lilikuwa limewekwa alama ya vema.

Nikamwambia mkuu kilichotokea. Nilimwambia pale pale, watu wangali wamekaa. Alikunja uso, akasema ni jambo la kusikitisha, na kwamba safari ijayo tuweke maelezo makubwa zaidi chini ya ramani. Mtu mmoja akauliza kama tunaweza kuchora pia ramani ya pori likirudi. Nikasema kompyuta haiwezi. Katika picha zote tulizoifundisha haijawahi kuona shamba likigeuka pori, kwa hiyo haijui linafananaje.

Jioni nikampigia baba. Nilikuwa nimefikiri hadi kichwa kinagonga. Nikamwambia, "Baba, tuache. Paote penyewe. Ukae pale juu, jirani asivuke, na mizinga uirudishe kwenye miti ya pembeni iliyobaki. Kwenye vichaka, mizizi ikiwa hai huchipua tena. Pori litarudi."

Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Umesema wewe?" akauliza.

"Nimesema mimi, baba."

Maisha yangu yote baba hakuwahi kulitilia shaka neno langu. Nilipomwambia nimefaulu hakuomba karatasi, nilipomwambia ndoa imenishinda hakuuliza kwa nini. Nilimsikia akikohoa, akimwambia mama asogeze taa.

"Sawa, mama," akasema. "Hapo pako nitapalinda. Ila mizinga acha kwanza ikae hapa ukutani, mpaka nione."